Wageni wa Ubatizo Wanajizidisha

Jamani, nani Tanganyika nzima ana sufuria kubwa? Hata kukaa siwezi!

Leo Jumamosi tunambatiza mwanangu hapa Ipogolo.

Jumatatu mama alialika watu wawili. Jumanne wakaalikwa wengine wanne.
Mimi, mwalimu wa hesabu, nikaona kila siku wanaongezeka wawili: Jumatano sita, Alhamisi nane, Ijumaa kumi.
Nikaagiza wali wa watu thelathini.

Kumbe mama alimwambia kila mgeni, naye kesho yake aalike wawili!
Nane. Kumi na sita. Thelathini na wawili.
Sasa uani wamejaa sitini na wawili.

"Mama, ndio wameisha?"
"Bado, baba. Wale wa jana si wamealika leo asubuhi?"

Nimechungulia barabarani.
Wanakuja wakiimba.