Alama Kumi na Moja

Dada yangu mkubwa ana kadi ya kazi ambayo huivaa shingoni hadi kwenye matanga. Ni ile ya kufungulia milango ya ofisi yao huko Upper Hill, ghorofa za juu kabisa, unapanda kwa lifti mpaka masikio yanaziba. Husema amesahau kuivua. Miaka yote hii, mtu anasahau tu! Mimi huiona ikining'inia juu ya sahani ya wali na najua hakuna kilichosahauliwa pale. Mume wangu husema wivu utaniua. Haujaniua bado. Umenishonea mapazia ya nusu ya Kangemi, maana kila nikimkumbuka dada yangu mguu unakanyaga cherehani mbio.

Kabla hujaniita mbaya, sikiliza ilivyoanza.

Sisi ni watoto wa fundi wa mawe. Baba alitoka magharibi akaja Nairobi kuwajengea watu nyumba, na yeye mwenyewe akapanga chumba Kangemi hadi alipostaafu. Dada alikuwa mbele yangu kwa darasa moja. Akafanya mtihani wa darasa la nane, ule mtihani wa kale uliofanywa siku chache na kuamua maisha yako yote, na alama zake hazikutosha kumpeleka shule ya kitaifa. Baba akasema arudie. Wakati huo kurudia lilikuwa jambo la kawaida, hata walimu walilishauri. Basi dada akarudi, akawekwa katika darasa langu, dawati la mbele, na mwaka ule tukafanya mtihani pamoja.

Matokeo yalipotoka, alikuwa wa kwanza shuleni. Wee! Watu walikuja wakiimba kutoka kila ploti ya wapangaji. Wakamnyanyua mabegani, wakamzungusha mbele ya maduka yote hadi ukingoni mwa barabara kuu ya Waiyaki Way, mama akitangulia na matawi mikononi kama aliyeota mabawa. Mimi nilitumwa soda. Nilirudi na kreti kichwani, nikasimama kando ili nisigongane na miguu ya dada yangu iliyokuwa inapita juu.

Hakuna aliyeniuliza nimepata ngapi, kwa hiyo nitakwambia wewe. Nilizishinda alama alizopata dada yangu mara yake ya kwanza. Nilizishinda kwa kumi na moja. Yeye alipewa nafasi mbili, mimi nikapewa moja, na kwa hiyo moja nilikuwa mbele yake. Lakini karo ya sekondari ilikuwepo ya mtoto mmoja tu. Dada akaenda shule ya kitaifa na sanduku jipya la bati. Mimi nikaenda shule ya kutwa mihula michache, kisha nikapelekwa kwa mama mmoja mshonaji nijifunze kazi. Zile kumi na moja nikazimeza, na hata mume wangu hajawahi kuzisikia.

Mungu ni nani, tukazaa mabinti mwaka mmoja. Dada anaishi Mountain View, kwenye fleti yenye vigae mpaka ukutani. Mimi niko Kangemi bado, ng'ambo ya barabara. Nikajinyima nikampeleka wangu shule ileile ya wake, darasa lilelile, kwa sababu moja tu ambayo sikumtajia mtu. Nilitaka siku ya matokeo. Nilitaka mtoto wangu awe juu ya mabega ya watu, na dada yangu, na kadi yake shingoni, aende kununua soda.

Halafu serikali ikabadilisha mtaala. Mtihani wa darasa la nane ukafutwa. Eti sasa mtoto anaangaliwa mwaka mzima, kidogo kidogo: anavyofanya kazi na wenzake, anavyotunza mche wake, anavyosimama kueleza jambo. Wazazi wengine walilalamikia kutafuta karatasi za manila na gundi na mbegu za mchicha kila jioni. Mimi nililia machozi yangu mwenyewe. Wamefuta mtihani kabla zamu yangu haijafika!

Muhula wa kwanza wa gredi ya tano nilikwenda kumwona mwalimu wa darasa, kijana mpole anayeongea polepole.

"Mwalimu, wangu amekuwa nambari ngapi?"

"Hatuna nambari siku hizi, mama. Amefikia matarajio."

"Matarajio ya nani? Yangu hajayafikia."

Akacheka, nami sikucheka. Nikamuuliza kuhusu binti ya dada yangu.

"Huyo ni wa mamake, mama. Nikikwambia yake, na yeye nitamwambia ya wako?"

Nikaondoka nimefura. Hebu fikiria, mtu mwenye wivu umnyime mahali pa kupimia. Ni sawa na kumwambia fundi akate kitambaa bila tepu.

Lakini mabaya zaidi yalikuwa njiani. Muhula wa pili wakapewa kazi ya mikono, ya kutengeneza kitu cha kutumika nyumbani kutokana na mabaki. Wangefanya wawiliwawili, wiki kwa wiki, mwalimu akiangalia kila hatua, na mwishoni wangeonyesha mbele ya wazazi. Kila wawili wangepata alama moja ya pamoja. Binti yangu akaja nyumbani anarukaruka.

"Mama, mimi na kasini tumewekwa kundi moja! Tutashona aproni. Tutakuja kwako dukani."

Alama moja, ya wawili! Sasa wangu atampitaje wake kama wamefungwa kamba moja? Asubuhi yake nikarudi kwa mwalimu, nikamwambia awatenganishe. Akaniuliza sababu. Nikafungua mdomo, nikaona hakuna sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu wazima. Nikamwambia basi, wacha tu.

Hivyo Jumamosi wakaanza kuja kwenye duka langu, katikati ya jiji, chumba kidogo kwenye jengo lililogawanywagawanywa, jirani huku anauza viatu na jirani kule anatengeneza simu. Nikawapa mabaki ya mapazia na cherehani ya zamani. Na hapo, haki ya Mungu, nikaonyeshwa maajabu. Binti yangu mwenyewe hawezi kushona mstari ukanyooka. Anapima, anapanga, anapiga stori na wateja mpaka wanasahau bei walizokuja kubishania. Lakini mtoto wa dada alikaa kwenye kile kiti, akaweka mguu, akakisukuma kitambaa kwa ncha za vidole vile ninavyokisukuma mimi. Hakuna aliyemfundisha. Nilimtazama nikahesabu. Shule ya kitaifa alichukua mamake, ofisi akachukua mamake, na sasa hata mkono wangu wa kushona umeenda kwa mtoto wake.

Mfuko wa aproni ndio uliomshinda. Aliushona ukaenda upande, akafumua kwa wembe, akaushona tena, ukaenda upande mwingine. Machozi yakaanza kumlenga.

"Anti, mimi siwezi."

"Rudia tu," nikasema. "Hata mamako alirudia darasa la nane, na leo si anapanda lifti?"

Nilivyolitoa lile neno nililisikia tamu mdomoni. Yule mtoto akageuka akanitazama.

"Mama alirudia?"

Kumbe hakuwahi kuambiwa. Kwao hadithi ilikuwa fupi: mama alikuwa wa kwanza, mama alibebwa. Nikajitia kutafuta mkasi.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nikampigia dada simu, ikalia mpaka ikakatika. Nikamwandikia, akasoma, kimya. Aproni ilikuwa pale kwenye msumari, bila mfuko, na siku ya maonyesho ilibaki wiki moja. Binti yangu alikaa kwenye kile kiti bila kupiga stori na mtu yeyote.

"Mama, kwa nini ulimwambia?"

"Kwani nilidanganya?"

"Hukudanganya. Lakini ulikuwa unacheka."

"Basi nitaumalizia mimi huo mfuko. Dakika mbili tu."

"Si wewe unaangaliwa, mama. Ni sisi." Akaichukua aproni pale kwenye msumari, akaikunja, akaikumbatia mpaka tukafika nyumbani.

Sikulala vizuri wiki ile, na sitasema ilikuwa majuto. Nilikuwa naogopa dada atamtoa mtoto wake kwenye kundi, wangu abaki na nusu ya kazi, halafu wake apewe mwenzake mwingine ang'are. Hata kwenye hofu, wivu ulikuwa umenitangulia kuketi. Alhamisi ndipo binti yangu aliporudi kutoka shuleni na kusema wamemaliza mfuko wakati wa mapumziko, kwa mkono, kwa sindano, chini ya dirisha la darasa.

Siku ya maonyesho tulipangiwa viti vya plastiki uwanjani. Nilifika mapema nikakaa. Dada akaja kutoka kazini, kadi shingoni, akaangalia viti vyote vitupu, kisha akaja kukaa kando yangu bila salamu. Tukatazama mbele kama watu wawili kwenye foleni ya daktari.

Zamu ya mabinti zetu ilipofika, mwalimu alijifunga ile aproni, watu wakashangilia. Mfuko ulikuwa umepinda kidogo upande wa kushoto. Jicho langu liliuona mara moja. Kisha mwalimu akasema kila mmoja aeleze, kwa ukweli, mwenzake alichangia nini, maana hiyo nayo inaangaliwa.

Wangu akaanza. Akasema mwenzake ndiye mwenye mkono, kwamba yeye peke yake angeshona gunia. Watu wakacheka. Alivyomsifu binti ya dada yangu mbele ya dada yangu, moja kwa moja, bila kubakiza, niliona aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Nilitamani kumziba mdomo.

Kisha wa dada akasema, "Mimi niliharibu mfuko mara mbili. Nikataka kuacha, na wiki moja sikuenda. Wengine walikuwa wameshamaliza. Yeye angeweza kumpa mamake amalizie, mamake ni fundi. Alikataa. Aliniambia tutachelewa pamoja."

Dada yangu akavuta pumzi. Nilidhani anakohoa. Alipoongea, aliongea akiwa bado anatazama mbele.

"Aliniuliza kama nilirudia."

"Najua. Mdomo wangu huo."

"Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nilirudia katika darasa lako." Akaivua ile kadi, akaizungushia kamba yake, akaishika mkononi. "Na kwamba ulipata zaidi ya nilichopata mimi mara ya kwanza. Kwa kumi na moja."

Miaka yote nilidhani hizo kumi na moja ninazijua peke yangu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Matokeo yote yalibandikwa ukutani, nikasoma na yako. Ulikuja na kreti kichwani. Nilikuona."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa mabegani mwa watu. Wangeniteremsha."

Ningependa kusema nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na njaa ambayo sikuwahi kuipa jina, na sasa imeletewa sahani, nami sikuwa tayari kula kwa kunong'onezwa.

"Sema tena," nikamwambia. "Na useme kwa sauti."

Mabinti walikuwa wanakuja mbio kati ya viti, wameshikana mikono, aproni imewaning'inia begani. Dada akawangoja wafike. Halafu akasema, kwa sauti iliyowafanya wazazi wa mstari wa mbele wageuke:

"Mwaka ule nilipobebwa, mdogo wangu alikuwa amenishinda. Nilikuwa nimepewa nafasi mbili, yeye moja, na yeye ndiye aliyetumwa soda."

Binti yangu alimtazama mama yake mkubwa, akanitazama mimi, akarudi kwake. Alikuwa amekunja uso vile anavyokunja akipewa hesabu iliyokosewa kuandikwa.

"Lakini nyinyi ni ndugu," akasema. "Kwani hamkuwekwa kundi moja?"

Dada akanitazama. Nikapokea ile aproni begani mwao na kuanza kuunyoosha mfuko kwa vidole, ingawa nilijua hautanyooka.

"Hatukuwekwa," dada akasema.