Mama Jatin Apanda Misheni

Damayanti aliijua kalenda ya Kanisa kuliko Wakristo wengi wa Korogwe, ingawa yeye ni Mhindu na alikuwa hajawahi kuingia kanisani hata siku moja. Aliijua kwa vitambaa. Evodia akishuka kutaka satini ya zambarau, basi Kwaresima imekaribia. Akitaka nyeupe na utepe wa dhahabu, ni Pasaka. Nyekundu ilikuwa ya Pentekoste. Kijani ndicho kilichokaa muda mrefu kuliko vyote, na ndicho kilichopauka upesi, maana kilipigwa na jua la dirishani miezi na miezi.

Duka lake liko mtaa wa zamani, karibu na stesheni ya reli. Marehemu mumewe, Tushar, alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemleta kutoka Tanga akiwa bi harusi asiyejua hata njia ya sokoni. Siku hizi mtoto wao Jatin ndiye anayeshughulika na biashara ya jumla, simu sikioni toka asubuhi. Damayanti amebaki na mkasi, futi ya kupimia, na wateja wanaotaka kushika kitambaa kabla ya kukinunua. Mtaa mzima unamwita Mama Jatin.

Evodia alikuwa wa Kwevumo, misheni iliyoko mlimani, upande wa kuelekea Dindira. Kazi yake kanisani ilikuwa kutunza vitambaa vya altare: kuvifua, kuvipiga pasi, kuvishona vipya vya zamani vinapochakaa. Ndiyo maana alishuka dukani mara nne au tano kila mwaka, na kila aliposhuka alikaa. Damayanti alimwekea kiti ndani ya kaunta, chai ikachemka, wakazungumza. Wakazungumza habari za watoto, waume, mvua, wakwe. Tushar alipofariki, Evodia alishuka na kushinda kutwa nzima kwenye mkeka pamoja na wanawake waliovaa nyeupe, na Kigujarati hajui hata neno moja.

Lakini Damayanti hakuwahi kupanda. "Utakuja lini kwetu?" Evodia aliuliza kila mara. "Nakuja, nakuja," alijibu, kisha likatokea la duka, au la mtoto, au barabara ikaharibika kwa mvua.

Halafu Evodia akaacha kushuka.

Kwaresima ikapita. Pasaka ikapita. Damayanti akapiga simu. Evodia akasema ni magoti tu, akaaga haraka haraka. Safari ya pili simu iliita weee haikupokelewa. Kila asubuhi Damayanti alipowasha taa yake ndogo ya samli mbele ya miungu, alimtajia Mungu jina la Evodia pamoja na majina ya watu wake wengine wagonjwa.

Alitamani kwenda kumwona, ila aliona haya. Mwenye duka akipanda mlima kumtafuta mnunuzi aliyeacha kuja, watu watasema nini? Kisha mteja mmoja wa kutoka Magoma akamwambia kwamba pale Kwevumo siku hizi Jumamosi wanawatembeza wageni, wanawaonyesha kanisa la zamani na kuwasimulia habari zake. Damayanti akaona hilo ndilo lango lake. Angekwenda kama mgeni.

"Mama, unaenda kanisani?" Jatin alishangaa.

"Kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Mawe," alisema Damayanti, akachukua shali yake.

Gari lilipanda taratibu, likapita migomba, likapita mashamba ya chai, mpaka hewa ikawa ya baridi na Damayanti akajifunika shali mpaka shingoni. Kanisa lenyewe alikuwa akiliona kwa mbali miaka yote, kidoa cheupe mlimani siku ambazo hakuna ukungu. Kwa karibu halikuwa jeupe hata kidogo. Lilikuwa la mawe ya kijivu, limeota kuvu upande wa kaskazini, na mnara wake ulikuwa mfupi kuliko alivyodhani.

Mlangoni alikuta akina mama wa kikundi kimoja kutoka Handeni, wamevaa sare ya kitenge cha bluu. Kitenge kile alikijua. Kilitoka dukani kwake. Kiongozi wao, mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Mwatumu, alikuwa amevaa hijabu juu ya sare.

"Na sisi wa hijabu tunaruhusiwa?" Mwatumu alimuuliza kijana wa kuwatembeza.

"Mama, mlango huu umeshapitisha kila aina ya watu," alijibu yule kijana, jina lake Lukasi, mwalimu wa kwaya. "Hata mbuzi, siku za mvua. Karibuni sana."

Wakacheka. Damayanti akavua kandambili zake akaziweka kando ya kizingiti. Lukasi akamwambia hakuna haja, ingia tu nazo. Akasema amezoea hivyo. Mwatumu akamtazama, kisha naye akavua viatu vyake. "Hata mimi nimezoea hivyo," alisema, wakaingia pamoja peku peku kwenye sakafu baridi.

Lukasi alisimulia vizuri, bila kukimbia. Aliwaonyesha kuta, akasema mawe yale yalitoka mtoni, yakabebwa vichwani na wanawake na watoto wa vijiji vya jirani, na waliochoka walipumzika kwenye njia panda ambayo ipo mpaka leo. Aliwaonyesha boriti za mvule. Aliwaonyesha jiwe lililochongwa kama bakuli, la kubatizia. Kengele, alisema, ilifika Tanga kwa meli, ikaja kwa treni, kisha wanaume wakaipandisha mlima kwa miti mabegani, na kila walipopumzika iligonga yenyewe, watu wa bondeni wakadhani kanisa limeshajengwa. Nje dirishani yalionekana makaburi ya wamisionari, wengi wao vijana waliokufa kwa homa.

Damayanti alisikiliza yote. Lakini macho yake yalikuwa yakitangulia mbele, kwenye altare.

Mara ngapi alipima kitambaa cha altare hiyo mezani kwake! Alijua urefu wake na upana wake, alijua ukikunja pindo unapoteza kiasi gani. Akikata, alikuwa akijiuliza kinaonekanaje kikitandazwa, na kama kweli taa za mishumaa zinakifanya kiwe kama Evodia alivyosimulia. Sasa atakiona.

Walipofika mbele, akakiona. Kijani, ndiyo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kijani. Kilikuwa king'avu kama karatasi ya peremende, na nakshi za dhahabu zilizotiwa na mashine. Hakikuwa chake.

"Vitambaa hivi tumeletewa mwaka jana kutoka Dar es Salaam," Lukasi alisema kwa furaha. "Seti nzima, rangi zote. Ni zawadi ya familia moja yenye asili ya hapa kwetu."

"Kinang'aa!" alisema Mwatumu.

Damayanti alitazama urefu ule anaoujua, na kitambaa cha mtu mwingine kimelala juu yake. Hakukasirika. Alihisi tu baridi ya sakafu ikimpanda miguuni. Mwishowe akauliza, "Na vile vya zamani vilikwenda wapi?"

"Vya zamani? Kile cha kijani watoto wanavaa kwenye igizo la Krismasi. Wanakuwa mamajusi."

Damayanti akacheka kabla hajajizuia. Satini yake ya gharama, mabegani mwa mamajusi wenye makamasi.

"Aliyevishona yuko wapi?"

"Mama Evodia? Anakaa hapo nyuma, nyumba ya bati jekundu."

"Ni mzima?"

"Mzima kabisa. Jana nimempita anapalilia maharage."

Hapo ndipo palipomuuma. Kitambaa alikuwa ameshakisamehe. Kumbe Evodia yu mzima, anapalilia, na yeye huku akimwombea kama mgonjwa.

Ziara ikaisha. Akina mama wa Handeni walikuwa na gari lao la kukodi, na Mwatumu akamwambia nafasi ipo, watamshusha Korogwe. Damayanti alisimama na kandambili mkononi, akalitazama gari, akaitazama ile njia ya kuelekea nyuma ya kanisa. Ingekuwa rahisi sana kupanda.

"Nyie tangulieni," alisema. "Nina mtu wa kumsalimia."

Evodia alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Aliposikia hodi akainua macho, akasimama ghafla, na nusu ya maharage yakamwagika.

"Mama Jatin!"

"Magoti hayajambo?"

"Magoti..." Evodia akayatazama magoti yake kana kwamba ndiyo yatakayojibu. "Hayajambo."

Wakainama wote wawili kuokota maharage. Ilikuwa nafuu kuongea huku wameangalia chini.

"Umeingia kanisani," alisema Evodia.

"Nimeingia."

"Basi umeona."

"Nimeona. Kinang'aa sana."

"Kinateleza!" Evodia alisema kwa uchungu. "Kila Jumapili nakirudisha kwa pini. Padri akigusa kidogo tu kinamfuata." Akaokota punje moja moja. "Zawadi huwezi kuikataa. Kikao cha kanisa kilifurahi, wakapiga makofi, mimi nikapiga nao. Nikasema, nitashuka mwenyewe nimwambie Mama Jatin. Siku moja nilifika hadi stendi ya Korogwe, nikageuza. Nilijiuliza, nitaingia dukani kwake mikono mitupu, nimwambie nini?"

"Ungeniambia habari za asubuhi."

"Nilikuwa mteja wako."

"Mteja akiingia namuuliza anataka nini," alisema Damayanti. "Wewe nimewahi kukuuliza?"

Evodia akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Hakukumbuka hata mara moja. Siku zote ilikuwa kiti kwanza, na chai, na mambo ya kitambaa yalikuja mwisho, wakati jua limeshageuka.

"Nimekuwashia taa asubuhi zote hizi," Damayanti aliendelea. "Nikasema Evodia wangu anaumwa, hawezi hata kushika simu. Kumbe uko shambani unapalilia!"

Evodia akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Nisamehe, mwenzangu."

"Nimeshakusamehe. Nina njaa."

Evodia akaingia jikoni, akatoka na magimbi ya kuchemsha na maharage ya nazi. "Kula bila wasiwasi. Sufuria hii haijapikiwa nyama," alisema. Chai ilikuwa na mchaichai, na majani ya chai yenyewe yalitoka bonde la pili tu. Wakala. Kuku wakapita. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuna aliyeingia kuulizia vifungo.

Walipomaliza, Evodia akaenda ndani akarudi na ufunguo. "Lukasi amekuonyesha mawe," alisema. "Twende nikuonyeshe kanisa."

Lilikuwa tupu sasa, na mwanga ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Evodia alitembea kama mtu aliye nyumbani kwake. Akamwonyesha nguzo aliyoiegemea akisinzia utotoni, na mahali bibi yake alipokuwa akimfinya ili aamke. Mbele, akaonyesha alama ya miguu isiyoonekana: hapo ndipo alipofunga ndoa, na bwana harusi alivaa viatu vya kuazima vilivyombana hadi akasema "nakubali" kabla hajaulizwa. Damayanti akacheka na kicheko kikapanda mpaka kwenye boriti.

Kisha wakafika benchi la nyuma kabisa, pembeni ya mlango. Evodia akaketi, na Damayanti akaketi naye.

"Hapa nilikaa mwaka mzima," alisema Evodia. "Nilipozika mtoto wangu wa kwanza. Mbele sikuweza kwenda. Nilikuwa naingia wakishaanza kuimba, natoka kabla hawajamaliza."

Damayanti akamgeukia. Miaka yote ile ya chai na maongezi, hakuwahi kusikia habari za mtoto huyo.

"Hukuniambia."

"Kwako nilikuwa nakuja kupumzika, niisahau kidogo huzuni hiyo," alisema Evodia.

Damayanti akaushika mkono wa mwenzake, mgumu, una udongo kwenye kucha, wakakaa hivyo mpaka mwanga ukaliacha lile jiwe la ubatizo.

Kabla ya kufunga, Evodia alimruhusu kulifanya jambo ambalo wageni hawaruhusiwi. Damayanti akasogea kwenye altare akakishika kile kitambaa kipya kwa vidole viwili. Akakigeuza, akatazama upande wa ndani.

"Hakina bitana," alisema. "Kitaachaje kuteleza? Kitie amerikani nzito kwa ndani, kitatulia. Shuka nacho Jumatano, tukishone."

"Amerikani unayo?"

"Wewe shuka tu."

Evodia alimsindikiza hadi njia panda, pale wabeba mawe walipokuwa wakipumzika, kusubiri gari la mwisho la kushuka. Ukungu ulikuwa umeanza kuingia kwenye mashamba ya chai. Damayanti alikuwa na mfuko wa magimbi mkononi na kitu kingine kilichokuwa kikimzunguka kichwani tangu benchi la nyuma.

"Aliitwa nani?" akauliza.

"Rosina."

"Rosina," Damayanti alirudia polepole, ili alishike jina hilo vizuri. "Angekuwa mtu mzima sasa."

"Mwenye watoto wakubwa, labda. Wa kunisumbua."

Gari likatokea kwenye kona, taa zimewashwa mapema kwa sababu ya ukungu. Evodia akamwendea dereva dirishani, akamwambia huyo mama ni mgeni wake, amshushe mlangoni kwake, na asikimbize kwenye mteremko.