Fundi Kidole na Hatua ya Sita

Mwanangu wa mwisho alijulikana mtaani kote kwa jina la Kidole, na jina hilo alilipata kwa kazi. Akiitwa nyumba ambayo taa zimegoma, hakuwa mtu wa kuhangaika na vyombo. Alifungua swichi kwa bisibisi, akapeleka mgongo wa kidole cha shahada kwenye waya, akautoa chapuchapu, akasema, "Upo," au, "Haupo." Alitumia mgongo wa kidole kwa sababu mkono ukipigwa shoti hujikunja, na angegusa kwa upande wa ndani ungeung'ang'ania waya. Watu walipenda sana. Wengine waliwaita majirani waje waone. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na kidole hakikuwahi kumdanganya, ingawa mara mbili kilimwangusha kutoka kwenye ngazi.

Kisha ikatoka amri kwamba asiye na cheti haruhusiwi kufunga umeme katika nyumba ya mtu. Akiwa na miaka arobaini na mmoja, mwanangu akaingia uanagenzi kwa mkandarasi mmoja, pamoja na vijana walio sawa kwa umri na mwanawe wa kwanza. Walimtuma chai naye akaenda. Miaka mitatu ikapita, ukabaki mtihani wa mwisho wa vitendo.

Mkandarasi alimwambia wazi: "Ukipita, unakuwa msimamizi wa mafundi wangu. Ukianguka, tutaagana kwa amani. Siwezi kumweka mtu asiye na cheti mwaka mwingine."

Kufunga waya hakukumtisha. Angefunga hata akisinzia. Kilichomtisha ni kwamba kabla ya kugusa chochote kulikuwa na hatua sita za usalama, na anayegusa waya kabla ya kuzimaliza huambiwa aweke vyombo chini, mtihani wake umekwisha. Kwenye bohari la mkandarasi walimjaribu, na dakika ya pili kidole kilikuwa kimeshafika.

"Mama, mkono unatangulia," aliniambia. "Mimi nikizinduka, wenyewe umeshagusa."

"Basi utafutiwe askari."

"Askari gani?"

"Huyu unayezungumza naye."

Alicheka. Mimi sikucheka. Shule ya msingi niliimaliza, na nilifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha kufulia cha hospitali, nikihesabu mashuka ya wodi nane bila kupoteza hata foronya. Orodha ya hatua sita haikunishinda.

Aling'oa mlango wa kabati la chumbani kwake, akausimamisha ukumbini, akafunga juu yake breka, swichi, soketi na taa mbili, kama ubao wa mtihani utakavyokuwa. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alilalamika.

"Baba watoto, umeniachia kabati wazi. Wageni watazisoma nguo zangu za ndani kama gazeti."

"Wageni gani hao wanaofika chumbani?"

"Haya, cheza na maneno. Mama, huyu nimwache?"

"Mwache mpaka apite," nikasema. "Halafu mdai mlango wako. Na hebu niazime ile rula yako ya mbao."

Wiki sita tulifanya hivyo, kila siku akirudi kazini, kabla hajala. Mimi niliketi kwenye kigoda na karatasi, miwani na rula. Yeye alitaja hatua na kuifanya. Kwanza, zima breka, umeme ukatike. Pili, ifunge kwa kufuli na ufunguo utie mfukoni. Tatu, tundika kibao cha onyo. Nne, ijaribu testa, kile kipimio cha umeme, mahali unapojua pana umeme, uone taa yake inawaka. Tano, pima pale unapotaka kufanyia kazi. Sita, rudi ukaijaribu testa tena pale penye umeme. Kila hatua nikiitia alama nilisema, "Haya, endelea." Bila neno hilo hakuruhusiwa kusogea. Mkono ukitangulia, ulikutana na rula. Wiki ya kwanza nilimpiga mara kumi na moja, na mkewe alisema tangu aolewe hajawahi kuona haki ikitendeka vizuri namna ile.

Ile ya sita ndiyo iliyomchosha. Kila mara aliiruka.

"Mama, hii ya sita ni urembo. Testa nimeijaribu, nzima. Nimepima, umeme hakuna. Narudi tena kufanya nini? Imekufa ndani ya nusu dakika?"

Nilivua miwani. Nikamweleza habari ya mwenzangu wa zamu, kule kwenye kufulia. Tulikuwa na mashine ya kuchemshia mashuka kwa mvuke, na mlangoni ilikuwa na saa ya kuonyesha mvuke uliobaki ndani. Asubuhi mwenzangu aliiona ikipanda vizuri, kwa hiyo aliiamini. Ulipofika wakati wa kutoa mashuka akaangalia, mshale umelala kwenye sifuri. Akafungua. Mvuke ukamvaa mikono yote miwili mpaka viwikoni.

"Ile saa haikudanganya," nilimwambia. "Ilikuwa maiti. Na maiti ukimuuliza kama kuna mvuke, hakujibu kitu, nawe unadhani amesema hakuna."

Mwenzangu yule anamfahamu, ndiye aliyekuwa akimpa andazi kwa mikono ile yenye makovu alipokuwa mdogo. Tangu siku hiyo hatua ya sita hakuiruka. Wiki ya nne na ya tano rula ililala. Wiki ya sita nilikuwa nasema tu "Haya, endelea," naye anakwenda kama cherehani.

Hapo nilikosea, wala kosa lenyewe sikuliona.

Siku ya mtihani aliingia kwenye karakana ya chuo, wakapangwa watu ishirini, kila mmoja na ubao wake. Mtahini wake alikuwa mama mfupi mwenye miwani na karatasi mkononi. Kengele ikalia. Mwanangu akazima breka. Kisha akasimama.

Anasema hakusahau kinachofuata. Kufuli alikuwa nalo mkononi. Alikuwa anangoja tu. Mama wa miwani alikuwa mbele yake, na karatasi anayo, kwa nini hasemi? Mtahini haruhusiwi kumwelekeza mtu. Dakika ya kwanza ikapita. Kijana wa ubao wa pili tayari alikuwa ameshika testa. Dakika ya tatu mtahini akaandika kitu. Mwanangu alipoona kalamu inatembea, kidole kile cha shahada, kwa hofu, kikaanza kunyooka kwenda kwenye waya.

Ndipo akasema mwenyewe, kwa sauti kubwa, "Haya, endelea."

Karakana nzima iligeuka. Yeye akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. "Haya, endelea." Akatundika kibao. "Haya, endelea."

"Mzee anajiamrisha!" kijana wa ubao wa pili akacheka.

"Wewe fanya yako," mtahini akamwambia.

Hatua ya sita alirudi, testa ikawaka. Akajipa ruhusa, akaanza kazi. Walipoambiwa waweke vyombo chini, taa zake zote zilikuwa zinawaka, lakini mfuniko mmoja wa soketi ulikuwa haujakazwa.

"Ulikuwa unazungumza na nani?" mtahini akamuuliza.

"Na mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Ana rula."

Mtahini aliinamia karatasi yake, akaandika muda mrefu.

Wiki tatu baadaye mkandarasi akapiga simu. Amepita. Alama za muda zimekatwa, na za mfuniko pia. Za usalama amepata zote. Alikuja kuniambia mlangoni, viatu bado viko miguuni. Nikamwambia arudishe mlango wa kabati. Ulirudi na matundu ya skrubu arobaini na mawili, na mkewe ameyaziba kwa kitambaa cha maua.

Juzi nilikwenda kununua maziwa, nikamkuta mwanangu dukani kwa muuza maziwa. Jokofu lilikuwa limezimika.

"Kidole, gusa mara moja tu, maziwa yanaharibika!"

Yeye akazima breka ya jokofu, akatoa kufuli, akatundika kibao, akajaribu testa kwenye soketi ya feni.

"Zamani ulikuwa fundi," muuza maziwa akasema. "Siku hizi umekuwa karani."

Mwanangu akapima nyuma ya jokofu, hakuna kitu. Akarudi kwenye soketi ya feni, testa ikawaka. Hapo akasita, akaniangalia.

Mimi nikageuka, nikaanza kukagua madumu ya maziwa, lipi lina mfuniko mzuri. Nyuma yangu nikasikia bisibisi ikianza kuzunguka.