Siku Bibi Alipofanywa Tajiri

Mwezi uliopita nilipanda Tukuyu kwa shughuli za kifamilia. Mvua ikanikamata stendi, nikajitupa kwenye kimgahawa kilicho jirani nikaagiza chai. Juu ya kabati la maandazi kulikuwa na redio, mtangazaji anawauliza wasikilizaji: mtu akiwa na kipato gani ndipo ahesabiwe tajiri? Simu zikawa zinamiminika. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri mvua ikatike wakaidaka mada kama mpira. Mmoja akasema tajiri ni yule anayelala huku hela inaingia. Mwenzake akasema hapana, tajiri ni yule anayekula bila kuuliza bei. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, na wewe unaonaje? Tajiri ni nani?"

Nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili: "Tajiri ni yule ambaye majirani zake wamekaa kikao wakaamua kwamba ni tajiri."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nililipa chai yangu nikatoka na mvua ile ile.

Rafiki yangu, unanijua, mimi si mtu wa kukasirishwa na redio. Ila hilo swali nililisikia nikiwa mtoto, likiulizwa kwenye uwanja wa shule, na jibu lake lilituingilia mpaka bandani. Ngoja nikueleze.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kwenye vilima vya upande wa Lufingo. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo kama nyumba nyingine zote, migomba imeikumbatia mpaka dirishani, ila juu ilikuwa na bati. Bati hilo babu alilileta aliporudi kutoka migodini, pamoja na kikohozi. Bati lilikaa, kikohozi kikamwondoa. Ndiyo maana mvua ilipoanza kulipiga, na mvua ya kwetu haijui kupumzika, bibi hakuwa anasema "mvua inanyesha." Alikuwa anasema, "Mzee wenu ameanza kukohoa." Sisi watoto tulicheka, yeye akaendelea kumenya ndizi.

Mali yake nyingine ilikuwa ng'ombe. Alikuwa na damu ya kizungu, mweusi mwenye mabaka meupe. Bibi alimpata akiwa ndama, malipo ya kufulia nguo misheni kwa muda mrefu, akamkuza kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kumkatia mabingobingo ya kula kabla ya shule. Majani yale yana makali, na asubuhi yanakuwa na umande wa kukufanya utamani kulia. Nilirudi vidole vimekufa ganzi, bibi ananishikisha kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yana povu na joto la ng'ombe mwenyewe. Jioni ilikuwa mbalaga, zile ndizi za kupika na maharage, na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Yaliyobaki hayakuwa yanalala kwetu. Jirani yetu wa bondeni, aliyekuwa na watoto wengi na mume mlevi, alikuja kila jioni na kopo lake. Bibi alilijaza bila neno. Jirani alisema "Ndaga, mama, ndaga," ndiyo asante ya kwetu, akaondoka.

Mkumbuke huyo jirani wa bondeni, maana bado ananiudhi.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa kijana wa umri wa wajomba zangu, mwenye sauti nzuri na viatu vilivyong'aa hata kwenye matope, sijui alikuwa anavificha wapi njiani. Akatangaza kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja kukagua kijiji, na amesikia kwamba mgeni huyo atauliza: matajiri wenu, hao wanyonyaji, mmewafanya nini? Kijiji kisichoweza kuonyesha hata tajiri mmoja kitaonekana kinawaficha. Kwa hiyo, ndugu wananchi, lazima tumpate tajiri wetu.

Usicheke. Watu wazima walitoka kwenye mkutano ule wakaenda kuficha vitu. Baiskeli ya fundi cherehani iliingia migombani ikafunikwa na majani makavu. Mama mmoja alishusha mapazia. Mwalimu wetu alianza kuja shule na koti lenye kiwiko kilichochanika, na sisi tulijua koti lake zima liko wapi. Kila mtu alikuwa anashindania kuwa maskini. Bibi peke yake hakuficha kitu. Nilipomwuliza kwa nini, alikasirika.

"Bati nilifiche wapi? Nilitie mfukoni?"

Mkutano wa pili ulifanyika asubuhi, ukungu umeshuka mpaka tukawa tunaonana vichwa tu. Mwenyekiti akauliza tajiri ni nani. Macho yote yakamwendea mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyekuwa anauza chumvi, viberiti na mafuta ya taa pale yanapopatikana. Mzee akasimama taratibu.

"Ndugu zangu, karibuni dukani. Hata panya wangu wamehamia kwenu."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikamwokoa. Mwingine akasema tajiri ni mwenye shamba kubwa. Wenye mashamba wakaguna. Mwingine akasema ni anayewatumikisha wengine. Ndipo kopo lilipopata mdomo. Jirani wa bondeni akasimama akasema:

"Mimi sina ubaya na mtu. Lakini mwenye kuezeka bati akabaki na maziwa ya kugawa, huyo tumwiteje?"

Nilikuwa nimeshika kanga ya bibi. Nilihisi mwili wake ukikakamaa. Nikasubiri mtu aseme kwamba maziwa hayo hayo ndiyo yaliyowakuza watoto wa huyu mama. Mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja, kwenye ukungu ule, na mwenyekiti akatangaza kwamba kijiji kimempata tajiri wake. Bati lilikuwa juu mno kung'olewa, nadhani walilionea uvivu. Ng'ombe ndiye angepelekwa kwenye banda la ujamaa, kwa faida ya wote.

Walikuja kumchukua siku hiyo hiyo. Bibi aliwafungulia mlango wa banda mwenyewe. Ndama wake, aliyekuwa bado ananyonya, walimsahau. Nadhani hawakuona sababu ya kumchukua, na hapo ndipo ujinga wao ulipoanza kuonekana.

Maana ng'ombe yule hakuwa anakubali kukamuliwa bila ndama kunyonya kidogo kwanza, na hakuwa ameshikwa na mkono mwingine tangu aje kwetu akiwa ndama. Asubuhi ya kwanza alimpiga teke mwenye zamu, ndoo ikaruka. Asubuhi ya pili mwenyekiti mwenyewe alijitosa mbele ya kamati yake, akatoka bandani anachechemea, viatu vyake vile sasa vikiwa na samadi mpaka kwenye kamba. Akaja kwetu. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Tunaomba uje utukamulie. Ng'ombe anasumbua."

Bibi aliendelea na maharage yake.

"Mwanangu, tajiri hakamui. Tajiri hukamuliwa. Na mimi mmeshanimaliza."

Nilifurahi sana, rafiki yangu. Nilitaka abaki pale pale, na neno lile lile. Lakini siku zilizofuata tukaanza kumsikia ng'ombe. Banda lilikuwa ng'ambo ya mto, na sauti yake ilivuka mto, mchana kutwa, kiwele kimejaa na hakuna wa kukipunguza. Ndama wetu alimjibu kutoka nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa anajifanya hasikii. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, akakosea maneno, akatwanga mahindi ambayo hayakuwa na haja ya kutwangwa. Siku moja akautupa mchi.

"Mlete ndama."

Tukashuka mtoni, tukavuka, tukapanda. Kiwele kilikuwa kigumu na chekundu. Bibi alikikanda kwa maji ya moto aliyoyadai kwa wenye zamu kwa maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, na upande mmoja ulitoa maji yenye damu. Alikuwa analia na kutukana kwa Kinyakyusa. Walinzi wa mali ya umma walisimama pembeni kama watoto waliovunja chungu.

Kuanzia hapo alikwenda kila asubuhi kukamua ng'ombe wake mwenyewe kwa ajili ya kijiji. Maziwa yalikuwa machache, na upande ule mmoja haukupona. Jirani wa bondeni sasa alipanga foleni bandani na kopo lake kama wengine, akawa anapata kidogo kuliko alivyokuwa akipata kwetu. Bibi ndiye aliyekuwa anampimia. Hakumpunja. Mimi ningempunja.

Na mgeni? Hakuja. Barabara, walisema. Kisha wakasema petroli. Kisha hakuna aliyemtaja tena. Banda la ujamaa lilipoanza kubomoka na zamu kukosa watu, mwenyekiti alimrudisha ng'ombe mwenyewe, amemfunga kamba shingoni, akisema kijiji kimeona vyema. Bibi alimkaribisha ndani na akampa mbalaga. Nilimchukia bibi siku ile. Alipoondoka nikamwambia hivyo.

"Mtu akila kwako," alinijibu, "unajua alipo."

Sikuelewa, na sina hakika kama naelewa leo. Ninachojua ni kwamba miaka mingi baadaye, kwenye mazishi yake, mwenyekiti yule yule, sasa mzee mwenye fimbo, alipewa nafasi ya kusema. Akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba marehemu alikuwa maskini kama sisi sote, lakini mwenye moyo wa kutoa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipotaka kuinuka nimjibu, mama yangu akanikamata mkono, akaubana mpaka nikaketi.

Siku ile ya redio, mvua ilipokatika, nilipanda mpaka kule. Palipokuwa na banda la ujamaa pana chai, mistari imenyooka hadi mtoni. Duka limekuwa kituo cha kuchaji simu. Nilimwuliza msichana wa pale kama ana habari za mkutano ule, akaniuliza mkutano wa chama gani. Nilitaka mtu anieleze. Nilitaka mtu mmoja tu, hata yule mama wa bondeni, asimame kwenye matope yale aniambie walipima kwa kipimo gani. Lakini amekufa, na mwenyekiti amekufa, na mwenye duka, na karibu kila aliyenyoosha mkono. Wote niliotaka kuwagombeza wamelala vizuri chini ya migomba, na mimi nimebaki hai na maneno yangu yote.