Kijani cha Klabu ya Babu Yake

Mzee yule nilimkuta Zhongda, soko la vitambaa huko China, kwenye duka ninaponunua mzigo wa kupeleka Mwanza. Alikuwa Mualjeria wa miaka sabini hivi, akijaribu kumweleza mwenye duka jambo kwa mikono. Mama yule, ambaye wateja wote tunamwita laoban, yaani bosi, alikuwa akimjibu neno moja tu: "Meiyou." Hakuna.

Kichina nilikisoma hapahapa nikiwa mwanafunzi, basi nikaingilia. "Unatafuta nini, mzee?" nilimwuliza kwa Kiingereza.

"Pamba ya kijani, binti yangu. Si hii inayong'aa. Iliyofifia kama jani la mzeituni."

Alitaka kushonesha jezi kama zile za kwanza za klabu ya mji wake, wachezaji wa zamani wazivae siku ya kumbukumbu. Babu yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Tukaketi juu ya majora, akanisimulia.

Enzi za Wafaransa, walowezi walikuwa na timu zao na uwanja wenye nyasi. Wenyeji walikaribishwa kukata nyasi hizo. Vijana wakakutana kwa kinyozi, wakaamua kuwa na klabu yao. Serikali ikasema haisajiliwi bila Mzungu ndani yake. Wakamwandikisha mwoka mikate wa mtaani, Mfaransa mnene asiyejua kupiga mpira, naye akakubali kwa moyo mweupe. Kisha karani akauliza, kwa nini kijani? Babu akamjibu kwamba dukani ndicho kilichokuwa rahisi.

"Kilikuwa rahisi kweli?"

"Kilikuwa ghali kuliko vyote," alisema, akatabasamu. "Lakini ndiyo rangi ya Uislamu, na hilo karani hakupaswa kulijua."

Vita vya uhuru vilipopamba moto, klabu ilijifunga yenyewe. Wachezaji kadhaa walipanda milimani na hawakurudi. Bendera ya wakoloni iliposhushwa, waliobaki walianza upya, safari hii kwenye ule uwanja wa nyasi.

Nilimtafsiria laoban yote hayo. Alisikiliza akiwa ameshika mkasi, kisha akapiga simu kwa shemeji yake mwenye duka uchochoro wa tatu. Huko tulikuta jora moja lililokosa mnunuzi kwa miaka. Mzee alilibeba hadi mlangoni, akalitazama kwenye mwanga wa jua.

"Ndiyo hii," akasema.

Siku ya kuzichukua jezi kwa fundi nilimsindikiza. Alivaa moja juu ya shati lake; tumboni ilimbana, naye hakujali. Alitembea nayo hivyohivyo hadi kituo cha treni, watu wakimgeukia.

Baada ya mwezi alinitumia video. Wazee wenye jezi za kijani walikuwa wakikimbia polepole mbele ya jukwaa lililojaa. Wajukuu wao waliwafunga mabao manne. Niliitazama nikiwa dukani kwa laoban, nikampa simu naye aone. Alicheka hadi akafuta machozi, akaomba nimrudishie kutoka mwanzo.