Kibao Chekundu cha Anatoli

Mume wangu Anatoli alistaafu kazi ya reli akarudi hapa Ntobeye na sanduku moja la nguo na jingine la makopo. Nikadhani makopo ni ya kuwekea mbegu. Wapi! Mwaka haujaisha, uwanja wangu wote una reli: mianzi iliyopasuliwa, imepigiliwa juu ya vijiti, inatoka mlango wa jikoni, inazunguka karibu na migomba na kurudi. Juu yake zinapita treni mbili za makopo ya mafuta ya kula, kila moja na mota ya deki mbovu ya kanda na betri mbili. Mzee wa miaka sitini!

Watoto wa jirani wakitoka shule ya awali wanapitia kwangu kwanza. "Shikamoo bibi," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba wameshachuchumaa relini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona treni. Huku wanajua malori yanayokwenda Rusumo. Siku ya kwanza Kaneza, binti wa miaka mitano, alisimama kando ya reli akapunga mkono ili treni imchukulie mwanasesere wake. Anatoli alicheka hadi akakohoa. "Treni haisimamishwi kwa mkono, mama. Nenda stesheni."

Sheria yake ilikuwa moja. Njia ni moja na treni ni mbili, kwa hiyo kuna kibao kimoja chekundu, ukubwa wa kiganja. Asiye nacho haondoki. Kazini kwake ndicho alichofanya miaka yote, kumkabidhi dereva kibao cha ruhusa. Watoto walikipokea kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa, kama tunavyopokea kitu cha mkubwa.

Mimi shida yangu ilikuwa maharage. Mvua ilitukuta tumeshapura, magunia manne yakaloa, na penye jua la kuanikia ni uwanja huo tu. Yakikaa siku tatu yanaota, na ndiyo mboga yetu ya mwaka mzima. Nikamwambia, "Baba Erasmus, kesho ng'oa hivyo vijiti. Mwanao mwenyewe hukumpakata hata siku moja, leo unacheza na wa watu?" Lilinitoka kwa hasira.

Jioni hiyohiyo mama yake Kaneza akamwita. Kwa haraka mtoto akaiachia treni yake bila kibao ili amalize zamu, kumbe ya mwenzake Iteka inakuja. Zikagongana, makopo yakabinuka, watoto wakapiga makofi. Anatoli akafoka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu anioe. "Nyumbani wote! Reli imefungwa!" Kaneza akaondoka analia. Anatoli akainama, akaanza kung'oa kijiti kimoja kimoja.

Nilitakiwa kufurahi. "Jamani, si makopo tu?" nikamuuliza.

Ndipo akaniambia. Mwaka nilipomzaa Erasmus, barua ya habari hiyo ilimfikia stesheni. Kwa furaha akaandika majibu palepale, akamwomba mwenzake Rwekaza ayawahishe posta kwa kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli. Akamruhusu aende bila kibao. Kwenye kona kikakutana na treni, Rwekaza akafa. Watu wakasema aliondoka kwa ukaidi wake, na Anatoli akanyamaza. Tangu hapo, kila akija likizo, akimwangalia mtoto anamwona Rwekaza.

Miaka thelathini na tano nimemwita mtu asiye na mapenzi na damu yake. Niliona aibu.

Asubuhi nilimkuta ameshika nyundo, anaendelea kubomoa. Nikamwambia, "Rudisha ulichong'oa. Maharage yatakaa katikati ya reli, nafasi ipo." Akanitazama, kisha akaanza kupigilia. Nikaenda mwenyewe kwa kina Kaneza kumchukua. Alikuja amejificha nyuma ya kitenge changu, hathubutu kumwangalia babu. Nikampa kibao akishike yeye.

Kufika kwenye turubai nililotandika katikati ilibidi kuvuka reli. Nikasimama pale na karai la maharage kichwani, shingo inauma, treni zote mbili zimelala stesheni. Nikakunja magoti, nikanyoosha mikono miwili.

"Kaneza, nipe kibao nipite."

Mtoto akamtazama babu kwanza. Anatoli akaitikia kwa kichwa, kisha akakaa kizingitini akalia mbele yetu wote. Nikapokea kibao, nikavuka, nikaanza kuanika.