Pedali Iliyozama

Leo nimebadilisha diski na pedi za breki za gari langu hapa nyumbani Nakuru, na mgongo umezeeka miaka mia kwa mchana mmoja. Harufu ya pedi mpya imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Keringet, kwa pikapu ya baba.

Baba alikuwa ametoka shambani amechoka kabisa. Alifunga breki mpya, akawasha gari, akasahau kitu kimoja: kupiga pedali ya breki kwanza mpaka iwe ngumu. Mguu ulizama hadi chini. Pikapu iliteremka polepole, ikapita juu ya sukuma wiki, ikagonga banda la kuku. Manyoya yalianguka wiki nzima.

Mama alitoka jikoni na mwiko.

"Baba watoto, hii ndiyo ungetushusha nayo mteremko wa Mai Mahiu kesho?"

"Nimechoka tu, mama watoto."

"Basi choka ukiwa umekaa nyumbani. Toka hapo."

Akaingia yeye, miguuni gambuti zake za matope, akapiga ile pedali mara elfu moja.

Leo pedali yangu imekuwa ngumu tangu mara ya tano. Bado naipiga. Watoto wamesimama mlangoni na mabegi, wanauliza tunaondoka saa ngapi. Nimewaambia wangoje kidogo.